Mkono Usiobadilika Rangi

Mshonaji alipoona maji yanapita chini ya mlango wa studio, jambo la kwanza alilofanya ni kumlaani fundi bomba. Tangu asubuhi bomba la majirani zake wa studio hiyo ya video lilikuwa linavuja, na vitambaa viwili vya wateja vilikuwa vimeshalowa. Akachukua tambara, akapiga magoti kwenye ukumbi wa jengo, akayazuia maji, kisha akalikamua tambara ndani ya ndoo. Ndoo ikawa nyekundu.

Alisukuma mlango. Kijana aliyemjua tangu hajaota ndevu alikuwa chali kando ya kiti, upande mmoja wa kichwa umebonyea, meno yake mawili yako juu ya zulia. Stendi ya chuma ya kushikia taa ilikuwa imetupwa kifuani mwake, imepinda. Mbele ya kiti, kamera ilikuwa bado imesimama juu ya miguu yake mitatu, kitaa chake chekundu kinawaka, maana yake inaendelea kurekodi. Mshonaji alipiga ukelele uliofika mpaka barabarani.

Barabara haikusubiri polisi. Mtu mmoja alikumbuka kwamba fundi bomba alitoka kwenye jengo lile anatukana. Mwingine akakumbuka kwamba alikuwa na damu mkononi. Walimkuta dukani ananunua koki, wakamvuta nje na ovaroli lake la bluu, wakampiga kwa ngumi, kwa mawe na kwa spana yake mwenyewe. Polisi walipofika alikuwa amevunjwa taya na mbavu, jicho moja limezibika, naye anajaribu kusema neno ambalo kinywa hakikuweza tena kulitamka. Waliompiga walikuwa wamesimama pembeni wanapongezana.

Inspekta aliyepewa kesi hiyo alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye magoti mabovu na ulimi usiobembeleza mtu. Kituoni walimwita Mama Kwanini, si mbele yake. Aliwatazama wale mashujaa wa barabarani, akachagua wawili wenye damu nyingi mikononi, akaamuru wafungwe pingu, kisha akapanda ngazi polepole huku akimtukana aliyebuni ngazi.

Chumba hakikuwa kikubwa. Kulia palikuwa na dirisha pana, na jua la mchana lilikuwa linaingia. Kushoto palikuwa na taa ya balbu kubwa ya njano, bado inawaka. Katikati yake kiti, na nyuma ya kiti ukuta mweupe. Mlango mwingine ulielekea kwenye chumba cha kompyuta, ambacho kilikuwa na mlango wake wa uani. Damu ilikuwa imeruka mpaka darini. Mama Kwanini alihesabu mapigo kwa kuangalia alama ukutani, akaacha kuhesabu.

“Huyu hakupigwa ili anyamaze,” alimwambia koplo wake. “Aliyempiga alikuwa na hasira naye.”

Koplo, mtu mnene, mwepesi wa ngumi na mzito wa kufikiri, alisema fundi bomba alikuwa na hasira za kutosha. Mshonaji alikuwa amekwisha kueleza: marehemu alikuwa anajirekodi, nyundo ya fundi ikamharibia sauti, akamsukuma nje, fundi akaapa kwamba atamvunja kichwa. Na damu mkononi? Spana imeteleza kwenye bomba, fundi alikuwa ameonyesha kidonda kwa ishara. Koplo hakuona haja ya kuamini ishara.

Kaka wa marehemu alifika wakati mwili unafunikwa. Watu walimwita Kaka Mkubwa, na studio ilikuwa yao wawili: mdogo anapiga video, mkubwa anazihariri. Alisema alikwenda mjini kutafuta balbu. Alijitupa juu ya mwili, akaukumbatia mpaka koplo akalazimika kumbandua kwa nguvu, na shati lake jeupe likachafuka damu kifua kizima. Lilikuwa shati jipya, lina mikunjo ya dukani bado. Mama Kwanini aliiona ile mikunjo, akaiweka moyoni.

Mama yao alikuja kituoni kesho yake. Mumewe alifariki watoto wakiwa wadogo, na hakuzaa tena. Hakulia. Alikaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, akasema alilojia.

“Nilikuwa na wawili. Sasa ninaye mmoja. Nitafutie aliyenipunguzia.”

Mama Kwanini aliahidi. Huwa haahidi mtu, na alijishangaa.

Kumbe wakati huo koplo ameshafanya upumbavu wake. Kadi ya kamera ilipokataa kufunguka kwenye kompyuta ya kituo, alimpa Kaka Mkubwa akaifungue, kwa kuwa ndiye mjuzi. Kadi ilirudi tupu, eti iliingia damu ikaharibika, ila video yote imewahiwa kunakiliwa. Inspekta alimsema koplo mpaka masikio yakamwasha. Kisha wakakaa watatu kuitazama nakala ile.

Haikuwa na sauti. Kaka Mkubwa alieleza kwamba kinasa sauti hakikuchomekwa. Marehemu alionekana kwenye kiti, anaongea na kamera, anatabasamu. Anageuka upande. Anacheka kidogo, anasema kitu. Kisha mkono unaingia kutoka kushoto, mkono tu, kuanzia bega mpaka kiganja, wenye sare ya bluu na stendi ya chuma. Pigo la kwanza lilimpata sikioni. La pili lilirusha kikombe cheupe kutoka mezani. Baada ya hapo kijana alitoka nje ya picha, ukabaki mkono unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na ukuta unabadilika kuwa mwekundu. Kaka Mkubwa alifumba macho.

“Ovaroli,” alisema koplo. “Si nilisema?”

Mkuu wa kituo naye aliona ovaroli. Aliagiza fundi bomba afungwe pingu kwenye kitanda cha hospitali, na jalada lipelekwe kwa mwendesha mashtaka wiki hiyo hiyo. Kwa mauaji ya namna ile fundi asingeona tena mlango wa nyumba yake, na hata taya la kujitetea hakuwa nalo.

Mama Kwanini hakupinga. Alimwomba tu Kaka Mkubwa airudie video, akalalamika kwamba picha inamuumiza macho. “Ukuta ule ni mweupe, nimeuona. Mbona hapa nusu njano, nusu bluu?”

Kwa mara ya kwanza tangu msiba, yule mtu alichangamka. Alivuta kiti karibu.

“Jicho lako linakufanyia wema, afande. Linajua ukuta ni mweupe, basi linakuonyesha mweupe. Kamera haijui kitu. Kushoto kuna balbu, mwanga wake njano. Kulia kuna dirisha, mwanga wa mchana una ubluu. Mianga miwili ikichanganyika, kila kitu kinachotoka huku kwenda kule kinabadilika rangi njiani.”

“Kila kitu?”

“Hata malaika akipita.”

Alieleza kwamba dawa ni kulinganisha taa kabla ya kupiga: uzime moja, au uivishe balbu karatasi ya bluu ifanane na dirisha. Mdogo wake alikuwa na haraka siku zote, hazimi taa, anasema kaka atarekebisha. Na kaka alikuwa anarekebisha. Anakaa kwenye kompyuta, huku anapunguza njano, huku anapunguza bluu, kipande kwa kipande, mpaka gauni la bibi harusi liwe na weupe uleule kutoka mlangoni mpaka kwenye keki. Alisema hilo kwa fahari, na alistahili fahari hiyo.

“Na hii umeirekebisha?”

“Hii sijaigusa. Ni mbichi.” Ndivyo watu wa kazi hiyo wanavyoiita picha jinsi ilivyotoka kwenye kamera.

Kabla ya kufunga jalada, Mama Kwanini alimfuata mtu mmoja zaidi. Mshonaji alikuwa amemtaja bwana harusi aliyekuja studio mwezi uliopita anapiga kelele: kwenye video ya harusi yake, aliyopewa kabla kaka hajairekebisha, mkewe ametokea kijani, na yeye ametokea na uso wa ini. Aliapa kuwavunja mikono wote wawili. Walimkuta nyumbani, na mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta mpaka kwenye kiwiko. Alipoulizwa, aliinamisha kichwa. Mkewe ndiye aliyejibu: baada ya kuitazama ile video, bwana aliipiga ngumi televisheni. Daktari alithibitisha. Kwenye nakala, mkono unaopiga ni wa kulia na ni mzima. Hata koplo alicheka njia nzima.

Inspekta hakucheka. Alikuwa anawaza kikombe.

Aliporudi ofisini aliitazama video tena, na safari hii hakumtazama marehemu wala mkono. Alitazama kikombe cheupe peke yake. Kilipokuwa mezani, upande wa balbu, kilikuwa cha njano. Kiliporuka kikapita katikati, na kilipopasuka chini ya dirisha kilikuwa na ubluu. Akautazama mkono. Uliingia kutoka upande wa balbu, ukapita mbele ya kiti, ukafika upande wa dirisha. Bluu, bluu, bluu ileile. Akautazama uso wa kijana kabla hajapigwa. Shavu moja lilikuwa upande wa balbu na jingine upande wa dirisha, nyuma yake ukuta umegawanyika rangi mbili, lakini mashavu yote mawili yalikuwa na weusi mmoja mzuri, wenye afya.

Vitu viwili katika chumba kile vilipita kwenye mianga miwili bila kubadilika. Na aliyeishika video ile ni mtu mmoja tu. Mama Kwanini aliegemea kiti, akamfikiria yule mama kwenye benchi. Alimwahidi kumtafutia aliyempunguzia mtoto mmoja, na sasa ili atimize ahadi ilibidi amchukue na wa pili.

Siku iliyofuata, saa zilezile za mchana, alimwita Kaka Mkubwa studio. Alimwambia mahakama itahitaji picha ya kulinganisha, naye ndiye mwenye ujuzi. Zulia lilikuwa limekauka, limekuwa gumu. Koplo alikuwa amevaa ovaroli la fundi bomba, limembana tumbo mpaka vifungo vinalia, lina damu kavu kwenye ukosi. Walifungua dirisha na kuwasha balbu. Kaka Mkubwa alisimama nyuma ya kamera.

“Koplo, inua mkono,” alisema inspekta. “Anzia kwenye taa, uje nao polepole mpaka dirishani.”

Koplo aliinua mkono. Kwenye kioo kidogo cha kamera, sare ya bluu iliyokuwa karibu na balbu ilikuwa imefifia, imekuwa rangi ya matope yenye ukijani. Mkono ulipofika katikati ukaanza kutakata. Ulipofika dirishani ukawaka bluu kabisa.

“Mara nyingine,” alisema inspekta, na koplo akarudia. Kisha inspekta akafungua kompyuta pembeni, akacheza nakala. Mkono uliingia, ukapiga, ukavuka chumba kizima na bluu yake moja. Kaka Mkubwa alikuwa anatazama kioo cha kamera, si kompyuta. Alikuwa ameshaelewa tangu mkono wa koplo ulipokuwa bado kwenye taa.

“Hata malaika akipita, ulisema,” inspekta alimkumbusha. “Ovaroli halisi linabadilika. Huu mkono haubadiliki kwa sababu si wa ovaroli. Ni shati jeupe lililopakwa bluu kwenye kompyuta, na aliyelipaka ni fundi hasa, mtu aliyezoea kuhakikisha nguo haibadiliki kutoka mlangoni mpaka kwenye keki. Fundi mbaya angeliacha libadilike, nisingejua kitu. Na wewe siku ile ulirudi na shati jeupe lililotoka dukani dakika hiyo.”

“Watu wengi wana mashati meupe.”

“Ni kweli. Ila mkono naelewa kwa nini uliurekebisha. Nieleze uso.”

Kabla inspekta hajamaliza neno, stendi nyingine ya taa ilikuwa mkononi mwa Kaka Mkubwa. Koplo alipigwa mdomoni, akayumba, akainua mkono kujikinga, na pigo la pili likauvunja mkono huo kwa mlio uliosikika chumba kizima. La tatu lilikuwa linakwenda kichwani. Mama Kwanini hakuwa na magoti ya kukimbia wala nafasi ya kutoa bastola. Aliishika kamera pamoja na miguu yake mitatu, akaibamiza kwa nguvu zake zote kwenye kiganja cha yule mtu. Stendi ikaanguka. Akaibamiza tena, safari hii usoni, na pua ikapasuka. Alipoanguka, inspekta alimkalia mgongoni kwa uzito wake wote, akamfunga pingu huku yeye mwenyewe akihema, huku koplo akitema damu na matusi kando ya dirisha.

Kaka Mkubwa alizungumza akiwa amelala hivyo hivyo, shavu lake juu ya zulia, pua inachuruzika.

Alisema studio aliianzisha yeye. Baba yao alipofariki aliacha shule ili mdogo wake asome, na mdogo alipomaliza alimshika mkono, akamfundisha kushika kamera, kusoma mwanga, kila kitu. Siku ile yeye alikuwa chumba cha kompyuta na mlango uko wazi kidogo. Mdogo alikuwa anajirekodi, anajitambulisha kwa kituo kikubwa cha televisheni kilichotafuta wapiga picha.

“Nikamsikia anasema, sikufundishwa na mtu, nimejifunza mwenyewe. Nikaingia. Nikamwambia rudia. Akacheka, afande. Akarudia.” Alilamba damu mdomoni. “Nikachukua kilichokuwa karibu. Angeikana tu ile kauli ningemwacha. Neno moja. Hakuikana.”

“Na fundi bomba?”

“Watu walishampiga. Ovaroli lilikuwa tayari mdomoni mwa kila mtu. Mimi nililipaka tu.”

“Uso,” alisema inspekta.

Hapo ndipo alipolia. Alisema video ingeonyeshwa mahakamani na mama angekuwepo, angemwona mwanawe amegawanyika rangi mbili, kama mgonjwa, hata kabla hajapigwa. Alianza na mkono, akajikuta yuko kwenye uso. Aliufanyia kazi muda mrefu kuliko mkono, kwa sababu ngozi ya mdogo wake ilikuwa ngumu kuipatia, na yeye peke yake ndiye aliyewahi kuipatia.

Sauti aliikata. Aliikata kabla hajaisikiliza, kwani hakuweza. Inspekta alimuuliza ilipo mbichi, maana mtu wa kazi yake hawezi kufuta mbichi. Hakubisha. Alisema iko kwenye kadi nyingine chini ya droo ya meza yake, imebandikwa kwa gundi.

Fundi bomba alifunguliwa pingu jioni ile. Hakuweza kusema asante, na inspekta hakudhani anadaiwa asante. Mkewe aliuliza nani atamrudishia mumewe jicho lililopofuka.

Asubuhi, Mama Kwanini alifunga mlango wa ofisi yake, akaisikiliza mbichi. Uso wa kijana ulikuwa kweli nusu njano, nusu bluu. Mkono ulikuwa wa shati jeupe. Alisikia ile kauli, akasikia kaka anaamuru irudiwe, akasikia kicheko. Akasikia pigo la kwanza. Kisha sauti ya kijana, imejaa damu, inasema wazi kabisa: “Ni wewe, kaka. Umenifundisha wewe.” Pigo. “Wewe, kaka. Nitalifuta hilo neno, nitaanza upya.” Pigo. “Kaka.” Mapigo yaliendelea baada ya sauti kukoma. Inspekta alizima, akaketi na viganja usoni. Kazi ile ilimchukiza siku hiyo kuliko siku zote.

Alikuwa hajafungua mlango vizuri alipomkuta mama yao nje, ameshika mfuko wa nguo za kubadilisha. Alikuwa ametoka mahabusu kumwona mwanawe.

“Ameniambia yote,” alisema. “Ameniambia mdogo wake alikuwa na kiburi mpaka mwisho. Kwamba angeikana kauli yake angekuwa hai. Ni kweli, mwanangu?”

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Mama angebaki na kosa lililogawanywa, nusu kwa huyu, nusu kwa yule, na pengine angepata usingizi. Inspekta alimfikiria yule kijana anayepigwa huku anasema wewe, kaka.

“Si kweli, mama. Aliikana baada ya pigo la kwanza. Alisema, umenifundisha wewe. Alisema tena na tena.”

Mama alishika ukuta. Inspekta alimshika mkono mwingine.

“Na mkubwa hakusikia?”

“Nadhani hasira zilimziba masikio. Na kwenye video aliikata sauti bila kuisikiliza. Mpaka sasa hajui.”

Mama alisimama wima. Alihamisha mfuko wa nguo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. “Basi nirudishe kwake. Nitamwambia mimi, asije akaambiwa na watu baki.”

Mama Kwanini alimfungulia mlango wa mahabusu, akabaki kwenye ujia. Alisikia sauti ya yule mama, ya chini, maneno machache tu. Kisha kikaja kishindo, kichwa cha mtu kinagonga ukuta wa saruji, kikaja cha pili, na cha tatu. Koplo alikuja mbio na plasta yake mpya, na inspekta akamzuia kwa kiganja kifuani.

Ndani, mama alikuwa anasema, “Usigonge huko. Weka kichwa hapa kwangu.” Kishindo kikasikika mara moja zaidi, si kikubwa, kisha kikakoma.